Wa Tatu Aliyekosa Kiti cha Tatu

Katika uchaguzi wa udiwani nchini Ayalandi hakuna anayekuuliza uraia. Aliyetimiza miaka 18 na makazi yake yako pale huandikishwa, hupiga kura, na akitaka hugombea. Uskoti nayo, kwa sheria ya mwaka 2020, imefungua mlango wa kupiga kura kwa kila mgeni mwenye kibali halali cha kuishi. Kwa hiyo wapo Wakongo wa Dublin, Wakenya wa Cork na Watanzania wa Glasgow ambao kila baada ya miaka mitano hushika karatasi ndefu ya kura yenye majina ya wagombea wa viti kadhaa kwa mpigo. Maelekezo yake huwaambia wasitie alama ya vema, bali waandike namba: 1, 2, 3, mpaka watakapochoka.

Kuandika namba si kazi. Kazi ni kuelewa matokeo. Eneo lina viti vitatu, lakini aliyekuwa wa tatu mchana anarudi nyumbani mikono mitupu na wa nne ndiye anayeapishwa. Mwingine anatangazwa mshindi bila kufikisha idadi ya kura ambayo msimamizi mwenyewe aliitaja asubuhi. Chama chenye karibu nusu ya kura zote kinaambulia kiti kimoja. Aliyekulia kwenye utaratibu wa kata moja na diwani mmoja hushuku jambo moja tu, na hapaswi kuchekwa: kule alikotoka, hesabu inayobadilika kadiri usiku unavyokuwa mkubwa ina maelezo yake.

Hapa maelezo ni mengine. Uhamishaji wa kura ndio unaopigiwa kelele, ila kwa sehemu kubwa matokeo ya eneo dogo lenye viti vingi huamuliwa na jambo lililokwisha miaka kadhaa kabla ya siku ya kura, mezani pa wachora mipaka: eneo lipewe viti vingapi.

Kura 6,000 na kiwango cha 1,501

Mfumo unaotumika Ayalandi, Ayalandi ya Kaskazini na Uskoti katika mabaraza ni kura moja inayohamishika. Kila mtu ana kura moja tu, hata kama viti ni tisa. Namba 1 ndiyo kura yenyewe. Namba 2, 3 na kuendelea ni maagizo: kura yangu ikiwa haina kazi tena kwa huyu, mpelekeeni yule.

Tuchukue mfano wa kubuni. Viti vitatu, kura halali 6,000. Kiwango cha ushindi hupatikana kwa kugawa kura kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha kuongeza kura moja: 6,000 kwa 4 ni 1,500, na moja, 1,501. Sababu yake ni nyepesi. Watu watatu wanaweza kufikisha 1,501, ila wanne hawawezi, kwa kuwa 1,501 mara nne ni 6,004, na kura hizo hazipo.

Sasa wagombea. Chama cha Buluu kimesimamisha wawili: wa kwanza kapata kura 1,900, wa pili 1,050. Nyekundu kapata 1,250, mgombea binafsi 1,000, Manjano 800. Ungehesabu kwa mazoea, washindi ni Buluu wa kwanza, Nyekundu na Buluu wa pili.

Buluu wa kwanza amepita, na amebakiwa na kura 399 asizozihitaji. Zinagawiwa kwa kufuata namba 2 za waliompigia: 240 kwa mwenzake wa chama, 70 kwa mgombea binafsi, 60 kwa Nyekundu, 29 kwa Manjano. Tayari kuna jambo la kutazama. Kura 159 zimekitoroka chama. Hao ni watu waliompenda mgombea, pengine kwa sababu ya kijiji chake au jina la baba yake, na chama hakiwahusu.

Hakuna mwingine aliyefikia kiwango. Manjano, akiwa wa mwisho na kura 829, anatolewa. Karatasi zake zinasema: 400 kwa mgombea binafsi, 250 kwa Nyekundu, 60 kwa Buluu wa pili, 119 hazina namba inayofuata, basi zinaishia hapo. Nyekundu anafika 1,560 na kupita. Mgombea binafsi ana 1,470, Buluu wa pili 1,350. Nyekundu amebakiwa na ziada ya kura 59, na pengo kati ya hao wawili ni 120, hivyo hata ziada yote ikimwendea Buluu wa pili haimfikishi. Mgombea binafsi anatangazwa diwani akiwa na kura 31 pungufu ya kiwango.

Malalamiko yote matatu ya mitaani yamo humo. Wa nne kampita wa tatu kwa sababu watu wa Manjano, walipoambiwa mgombea wao hana nafasi, walimtaka yeye kuliko Buluu. Kapita bila kiwango kwa sababu karatasi 119 zilikwisha njiani na hakubaki mwingine wa kushindana naye. Na Buluu, wenye kura 2,950 kati ya 6,000, asilimia 49, wamepata kiti kimoja kati ya vitatu.

Malalamiko mawili ya mwanzo, kwangu, hayana uzito. Mtu asiyependwa na yeyote nje ya kundi lake hana haki ya kiti kwa sababu tu aliongoza saa nne asubuhi. La tatu ni zito, na halikuletwa na uhamishaji. Limeletwa na idadi ya viti.

Kabla ya kwenda huko, tusiwacheke wapiga kura peke yao. Mei 2014, uchaguzi wa madiwani Ayalandi ulifanyika siku moja na wa Bunge la Ulaya. Watu wengine walianza 1, 2 kwenye karatasi moja wakaendelea 3, 4, 5 kwenye karatasi ya pili. Maofisa wa hesabu, wakifuata mwongozo wa wizara, walizihesabu 3, 4, 5 kama 1, 2, 3. Katika eneo la Listowel, kaunti ya Kerry, lililokuwa na viti saba, Dan Kiely alikosa kiti kwa kura za kuhesabika kwa vidole, akaenda mahakamani. Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka uliofuata: karatasi isiyo na 1 haina chaguo la kwanza. Kura zilihesabiwa upya, na bado kiti hakukipata. Hata hivyo jambo lilithibitika, kwamba serikali yenyewe ilikuwa haijaielewa vizuri karatasi yake.

Viti vingi kwa mkupuo

Wako wanaodhani kuweka viti vingi katika eneo moja kunatosha kuleta haki, namna yoyote ya kupiga kura iwayo. Historia ya Derry, mji ambao serikali huuita Londonderry, inawakatalia.

Mabaraza ya Ayalandi yaliijua kura inayohamishika mapema. Januari 1919 mji wa Sligo, ambao baraza lake lilikuwa limefilisika, uliitumia kuchagua madiwani 24, na mwaka uliofuata ikaenea kisiwa kizima. Lakini kisiwa kilipogawanywa, serikali ya Ayalandi ya Kaskazini iliifuta katika mabaraza mwaka 1922. Mipaka ikachorwa upya, na mahali pengi maeneo ya viti vingi yakabaki, ila sasa kwa mkupuo: eneo lina viti vinane, mpiga kura ana kura nane, na wanane wenye kura nyingi zaidi wanachukua.

Derry iligawanywa kata tatu: Kusini viti vinane, Kaskazini vinane, Waterside vinne. Tume ya Cameron, iliyochunguza ghasia za 1968, ilichapisha hesabu za mwaka 1967. Kata ya Kusini ilikuwa na wapiga kura Wakatoliki 10,047 na wengine 1,138. Kaskazini, Wakatoliki 2,530 na wengine 3,946. Waterside, 1,852 kwa 3,697. Jumlisha: Wakatoliki 14,429, wengine 8,781. Madiwani: Waunionisti, waliochaguliwa na hao wengine, 12, wapinzani wao 8. Waliokuwa wengi mjini walikuwa wachache barazani, na hakuna aliyeiba karatasi hata moja siku ya kura. Wakatoliki walirundikwa Kusini wakapata viti vinane ambavyo wangevipata hata kwa theluthi mbili ya kura zile; kwingineko wingi mdogo tu ulitosha kuzoa kila kitu. Juu ya hayo, kura ya mabaraza ilikuwa ya wenye nyumba na wapangaji wakuu. Kijana aliyeishi chumbani kwa wazazi wake hakuwa na kura, na nyumba ziligawiwa na baraza lilelile. Baraza hilo lilivunjwa 1969. Kura inayohamishika ilirudi katika mabaraza mwaka 1973.

Uingereza bado inautumia mkupuo katika kata nyingi zenye viti vitatu. Lewisham, kusini mashariki mwa London, ilikuwa na kata 18 za namna hiyo hadi mwaka 2022. Mwaka 2018 na tena 2022 chama cha Labour kilichukua viti vyote 54. Huko Barking and Dagenham, pia London, kilichukua vyote 51. Si kwamba watu wote wa huko ni wa Labour. Ni kwamba aliye wa kwanza katika kata kwa kawaida huchukua cha kwanza, cha pili na cha tatu. Wale Buluu wetu wa asilimia 49, wakisimamisha watu watatu na wafuasi wao wakawapigia wote watatu, wangeondoka na viti vyote.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wa nyumbani. Katika kura tatu za 1958 na 1959 kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuchagua mmoja katika kila kundi, la sivyo karatasi yake inaharibika. Wakoloni waliutunga utaratibu huo ili jamii ndogo zisimezwe. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi ndani ya TANU waliuona kuwa tusi, na Zuberi Mtemvu alijitoa baada ya Nyerere kushinda hoja ya kushiriki. Nyerere alikuwa ameisoma hesabu: ikiwa kila mtu anapiga kura kwa kila kiti, basi wengi ndio wanaomchagua hata Mzungu na Mwasia. Wagombea wa rangi zote waliobebwa na TANU walizoa uchaguzi. Safari hii mkupuo ulifanya kazi ya haki, lakini tabia yake ni ileile ya Derry na Lewisham. Wingi, popote ulipo, unachukua sinia nzima.

Kerry: tisa, halafu vitatu

Kwa kura inayohamishika, swali linahama. Si tena nani ana wingi, bali kiwango kiko wapi. Kwa viti vitatu kiwango ni robo ya kura. Kwa vitano ni theluthi ya nusu, asilimia 16 na kitu. Kwa tisa ni sehemu moja ya kumi. Watu walewale, karatasi zilezile, mlango wa upana tofauti.

Kerry, kusini magharibi mwa Ayalandi, imepitia pande zote mbili ndani ya miaka mitano. Kabla ya 2014 serikali, iliyokuwa ikibana matumizi baada ya msukosuko wa benki, ilifuta mabaraza 80 ya miji na kupunguza madiwani wa nchi nzima kutoka 1,627 hadi 949. Maeneo ya uchaguzi yalitanuliwa. Kerry, yenye madiwani 33, ilibaki na maeneo manne, na moja kati yake, Kerry Kusini na Magharibi, lilikuwa na viti tisa.

Kwenye ramani linaonekana jambo la kawaida. Ardhini, eneo hilo liliunganisha rasi mbili zinazotazamana kwa maji. Ukiwa upande wa Dingle unaiona Iveragh ng'ambo ya ghuba, lakini kwa gari ni lazima urudi bara, uzunguke kwa Castlemaine na Killorglin, kisha ushuke upya. Diwani wa upande mmoja alikuwa, kisheria, diwani wa upande wa pili pia. Malalamiko yalikuwa mengi, si Kerry peke yake. Kamati za mipaka za 2018 zilielekezwa kwenye maeneo ya viti vitano hadi saba, na ruhusa ya vitatu au vinne pale ambapo jiografia ingefanya eneo kuwa kubwa mno. Nchi nzima maeneo yaliongezeka kutoka 137 hadi 166, bila kuongeza diwani hata mmoja. Kerry ikapata maeneo sita: Tralee saba, Killarney saba, Listowel sita, Kenmare sita, Castleisland manne, na rasi ya Dingle, kwa jina lake la Kiairishi Corca Dhuibhne, vitatu. Kwa kipimo cha rasi hizo, tisa waligawanyika wakawa sita na watatu.

Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja tatu nzuri. Diwani sasa anaijua barabara anayoitolea ahadi. Mpiga kura anawafahamu wagombea wote, wala hajazi namba kwa kubahatisha. Na upande wa magharibi wa rasi ni Gaeltacht, mahali ambapo Kiairishi bado ni lugha ya nyumbani. Jamii ya namna hiyo ndani ya eneo la viti tisa ingeweza kumezwa na kura za mbali, lakini ndani ya eneo la viti vitatu sauti yake ni nzito.

Wanaoupinga wana hoja moja tu, ila ni ngumu kuipindua: robo. Kabla ya 2019, mgombea mwenye asilimia 10 ya kura za eneo lake alikuwa na kiti mkononi. Sasa mwenye asilimia 10 huko Corca Dhuibhne ni mtu wa kutolewa mapema, karatasi zake zigawiwe kwa wakubwa. Chama kidogo, mgombea wa mazingira, mhamiaji aliyeishi pale miaka ishirini, wote kwanza wapate uungwaji mkono wa mtu mmoja kati ya wanne. Rotimi Adebari, mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa meya mweusi wa kwanza Ayalandi mwaka 2007, alipandia kwenye baraza la mji wa Portlaoise. Baraza hilo ni miongoni mwa yale 80 yaliyofutwa. Madaraja ya chini yakiondolewa, anayetaka kupanda aanze na la juu.

Hapa tahadhari inafaa. Si kila mabadiliko ya matokeo ni kazi ya mipaka. Chama cha Sinn Féin kilishuka kutoka viti 159 mwaka 2014 hadi 81 mwaka 2019, mwaka uleule ukubwa wa maeneo ulipopunguzwa, na wapo walioelekeza kidole kwenye ramani. Lakini kura zao za kwanza zilishuka kutoka kama asilimia 15 hadi chini ya 10. Chama kilichopoteza theluthi ya wapiga kura wake hakina haja ya kutafuta mchawi kwenye ramani, ingawa ramani ya viti vichache hulifanya pigo la namna hiyo liume zaidi.

Tena viti vichache havina mwenyewe. Mwaka 1974 James Tully, waziri wa serikali za mitaa, alichora majimbo ya bunge akiweka mengi ya viti vitatu mjini Dublin, kwa matarajio kwamba vyama viwili vya serikali vingepata viwili kati ya vitatu. Hesabu ilikuwa sahihi mradi upepo usigeuke. Mwaka 1977 uligeuka. Wapinzani wao, Fianna Fáil, walivuka nusu ya kura wakachukua viti 84 kati ya 148, na mitego ya Tully ikawanasa walioitega. Tangu hapo kazi ya kuchora majimbo ya bunge imekabidhiwa tume huru. Eneo la viti vitatu ni kama mzani wa sonara: kati ya robo na nusu hausogei hata kidogo, kisha kura chache zinauangusha upande mmoja. Buluu wetu walihitaji kura 3,002 kwa viwango viwili kamili. Walipungukiwa 52.

Uskoti na gharama zisizoonekana

Uskoti iliingia kwenye mfumo huu 2007, na iliingia kwa viti vichache kwa makusudi. Baada ya uchaguzi wa 2003 chama cha Liberal Democrats kilidai mageuzi hayo kama sharti la kuunda serikali na Labour. Madiwani wa Labour waliyachukia. Mwafaka ukawa kata za viti vitatu au vinne, si zaidi. Kura inayohamishika kwa kipimo cha woga, tuseme.

Hata kwa kipimo hicho mabadiliko yalikuwa makubwa. Glasgow mwaka 2003, kwa kata za kiti kimoja, Labour ilikuwa na viti 71 kati ya 79 ilhali haikufikisha nusu ya kura. Mwaka 2007 ilipata 45, na chama cha SNP kikapanda kutoka 3 hadi 22. Mwaka 2003 kata 61 nchini Uskoti zilikuwa na mgombea mmoja tu, aliyepita bila kupingwa. 2007 haikuwapo hata moja. Kwangu takwimu hiyo ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Mfumo unaowafanya wapinzani wajitokeze mahali walipokuwa wameshakata tamaa umekwisha kulipa nusu ya gharama yake.

Gharama zenyewe zipo. Majina kwenye karatasi hupangwa kwa alfabeti, na chama kikisimamisha wawili, aliye juu mara nyingi humshinda mwenzake kwa sababu watu huandika 1 na 2 kutoka juu kwenda chini. Diwani anaweza kukosa kazi kwa kuzaliwa kwenye ukoo wa herufi W. Ushindani wa ndani ya chama nao hukua: adui wa diwani si chama pinzani, bali mwenzake wa nembo moja wanaogombania kijiji kilekile. Vyama hujibu kwa kugawana vijiji, huyu achukue kaskazini ya mto, yule kusini. Ayalandi, ambako tabia hiyo ina mizizi, imezaa madiwani wanaojua kila shimo la barabarani na wasiofungua bajeti. Pia imezaa koo za kisiasa. Kerry mwaka 2019 jamaa watatu wa familia ya Healy-Rae walichaguliwa wakiwa wagombea binafsi katika maeneo matatu tofauti.

Kuna gharama moja ambayo haijadiliwi vya kutosha: kifo. Katika kata ya viti vitatu, chama chenye asilimia 22 na uhamisho mzuri kinapata kiti cha tatu. Diwani huyo akifariki au akijiuzulu, Uskoti hufanya uchaguzi mdogo wa kiti kimoja, na hapo kinachotakiwa si robo tena bali nusu. Kiti kinahamia kwa chama kikubwa, ingawa hakuna mpiga kura aliyebadili mawazo. Ayalandi imechagua njia nyingine: baraza hujaza nafasi kwa uteuzi, na kwa sheria chama cha aliyeondoka hupendekeza jina. Uwiano unalindwa, lakini mtu anaingia barazani bila kupigiwa kura hata moja, na mara nyingine ni mtoto au mjane wa marehemu. Uwiano wa vyama na uhalali wa mtu haviketi kiti kimoja. Mimi ningechagua uteuzi, bila furaha.

Hata namna ya kuhamisha ziada ina tofauti. Uskoti huhesabu kwa mashine na kuhamisha karatasi zote za mshindi kwa thamani iliyopunguzwa. Ayalandi huhesabu kwa mkono na kuhamisha karatasi nzima nzima, zile zinazochukuliwa kutoka juu ya fungu lililochanganywa. Pale pengo linapokuwa la kura mbili tatu, bahati inaingia. Kwa maeneo mengi haibadilishi kitu. Kwa eneo dogo lenye kura elfu chache, inaweza.

Kata moja, diwani mmoja

Mfumo wa Kenya, wenye wadi 1,450, na wa kata za Tanzania, una sifa ambayo wapenzi wa uwiano huidharau bure. Daraja likisombwa usiku, kila mtu anajua mlango wa kugonga. Kwenye eneo la madiwani watatu, kila mmoja anaweza kusema aliyepaswa kufuatilia ni mwenzake. Hesabu yake nayo inaeleweka hata na mtoto.

Udhaifu wake umekwisha kukiriwa na sheria za nchi hizo zenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 huongeza viti katika bunge la kaunti ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na Tanzania ina madiwani wanawake wa viti maalumu. Viti hivyo ni viraka vilivyoshonwa mahali ambapo kitambaa kilikuwa kifupi.

Mizani

Nikizipanga njia hizi, ya mwisho ni mkupuo. Unabeba lawama za pande zote mbili: hauna uwajibikaji wa diwani mmoja wala uwiano wa viti vingi, na mchora mipaka akiwa na nia mbaya humpa kisu kilichonolewa. Kata ya kiti kimoja angalau haijifanyi kitu kingine.

Kati ya maeneo madogo na makubwa ya kura inayohamishika, idadi ninayoitetea ni tano. Nusu ya kura huleta viti vitatu kati ya vitano, si kimoja kati ya vitatu wala bahati nasibu. Mwenye theluthi moja ana viwili. Aliye na asilimia 12 au 13 na majirani wanaomwandikia namba 2 ana matumaini ya kweli. Karatasi haiwi ndefu kupita kiasi. Tisa ni haki zaidi kwa hesabu, lakini haki ya diwani anayekaa ng'ambo ya ghuba mtu haioni.

Corca Dhuibhne ni hali ya pekee, na kamati ya 2018 haikukosea kuiruhusu: bahari haihamishwi kwa ajili ya kiwango. Kosa ni kuichukua hali hiyo na kuifanya kanuni, kama Uskoti ilivyofanya hata kwa kata za katikati ya Glasgow ambako hakuna rasi wala ghuba, bali madiwani waliokuwa wakihofia viti vyao. Sheria ya visiwa ya Uskoti ya 2018 imekwenda mbali zaidi na kuruhusu kata za diwani mmoja au wawili penye visiwa vinavyokaliwa. Kwa kisiwa, sawa. Kwa mtaa wa mjini, kiwango cha theluthi ni kiti kimoja kilichovaa kanzu ya uwiano.

Uskoti itapiga kura tena Mei 2027, Ayalandi 2029. Karatasi ya matokeo itakapobandikwa, jicho la kwanza liende kwenye idadi ya viti, la pili kwenye idadi ya wagombea waliosimamishwa na kila chama, na uhamishaji usubiri. Ukiwarudia wale wapiga kura 6,000 ukawapa viti vitano, kiwango kinashuka hadi 1,001. Kwa kura zilezile za kwanza, hata kama orodha ya wagombea ingekuwa ndefu kuliko ile, Buluu wa pili angepita katika hesabu ya kwanza, na mgombea binafsi angeketi ukumbini akisubiri kura moja.